Mwaka Nilipozifuta Hadithi za Mwalimu Syombua

Mwalimu Syombua alizikwa Alhamisi iliyopita kwao Mbooni, na mimi nilipewa dakika tatu za kumzungumzia. Mwendesha programu alinitaja kuwa mtu aliyefanya naye kazi zamani kule Kabati, upande wa Kitui, nikapita katikati ya viti vya plastiki, nikapokea maikrofoni. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka mlimani na watu walikuwa wamejifunga leso na makoti. Nilisema alikuwa mchapa kazi. Nilisema alikuwa mnyenyekevu, kwamba alinifundisha mengi, kwamba tulikula sahani moja. Yote yalikuwa kweli. Kisha nikarudisha maikrofoni na kuketi, huku dakika moja na zaidi ikiwa bado yangu, bila kusema neno lililonitoa Nairobi alfajiri ile. Mkononi nilikuwa na karatasi ya programu, na ndani yake wasifu wa marehemu ulioandikwa na binti yake, Mutheu. Katikati ya ukurasa wa pili palikuwa na sentensi hii: mwaka wa tisini na tisa aliajiriwa na chama cha wasusi wa viondo Kabati, akahudumu hadi kazi yake ilipoleta matatizo kwenye kompyuta, ndipo akarudi nyumbani. Niliisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma kitu chochote mwaka huu. Mutheu ndiye aliyeiandika, lakini maneno yalikuwa yangu. Niliyasema mimi, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, mbele ya watu watano na birika la chai.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kilichokuwa stoo ya kanisa. Zamani kiliwekwa mahindi, na ukifagia pembeni bado ungepata punje zilizotobolewa na wadudu. Kilikuwa na dirisha moja lenye wavu, mlango wa mabati uliolia kila ulipofunguliwa, na harufu ya mkonge mbichi na magome ya miti ya kutia rangi, harufu ambayo hadi leo nikiipata dukani moyo wangu hushtuka kabla sijajua ni kwa nini. Viondo vilirundikwa hadi darini. Kompyuta ilikaa juu ya meza ya pekee iliyokuwa na miguu minne inayolingana, imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa uzi mweupe, kazi ya Mwalimu Syombua mwenyewe, kama watu walivyofunika redio na televisheni za sebuleni. Simu haikuwa yetu. Ilikuwa ya mwenye duka la vifaa vya ujenzi la jirani, na waya wake ulipita kwenye tundu tulilotoboa ukutani. Tukiwa tumeunganishwa na intaneti, akija mteja wake kupiga simu, tulisikia mkono wa simu ukiinuliwa upande wa pili, halafu sauti, "Haloo? Haloo? Hii simu inapiga kelele gani?" na kazi ya nusu saa ikakatika hapo hapo.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kimoja cha kompyuta mjini Nairobi na cheti ambacho Pasta Musau, mwenyekiti wa chama, alikitundika ukutani kabla hata sijapata pa kulala. Kazi yangu ilikuwa kuwatengenezea wasusi tovuti, ili wanunuzi wa ng'ambo waone viondo bila kupitia kwa madalali waliokuwa wakivibeba kwa madazeni kila siku ya soko. Neno tovuti lenyewe halikuwa limefika Kabati. Tulisema websaiti, na akina mama waliokaa barazani wakisuka walisema "ile kitu ya Kyalo." Nilipenda kuitwa hivyo. Lazima niliseme hilo, kwa sababu yaliyofuata yana mizizi hapo.

Mwalimu Syombua alikuwa na miaka hamsini na kitu. Alikuwa amefundisha darasa la nne maisha yake yote, akastaafu mapema, na Pasta alimwomba ateremke kutoka Mbooni aje kuandika kumbukumbu za wasusi. Alipanga chumba nyuma ya posho-mili, pale pa kusagia unga. Wa kwanza kumkuta asubuhi alikuwa yeye, miwani imefungwa kamba shingoni, daftari la mistari mbele yake, na mbele ya daftari mama mmoja ameketi kwenye stuli akiwa hajui aweke wapi mikono. Mimi nilidhani kazi yake ingekuwa jina, kijiji, bei. Yeye alitaka mengine. Nilikuwa nikimsikia nikiwa nimewapa mgongo, nikijifanya nasoma kitabu changu cha programu. "Na huyo aliyekufundisha kusuka, alikuwa nani?" "Huu mstari mwekundu, mbona umeishia hapa?" Mama mmoja wa upande wa Mutonguni alimjibu kwa sauti ya chini kwamba mstari uliishia pale kwa sababu siku ile ndiyo mume wake alirudi kutoka Mombasa baada ya miaka sita, yeye mama akaacha kusuka, na alipokirudia kiondo ile rangi ilikuwa imekwisha. Mwalimu hakucheka. Aliandika. Kisha akaniita, "Kyalo, kuja usome kama nimeandika vile amesema."

"Mwalimu, hii ni ndefu. Mzungu hatasoma yote hii."

"Asiposoma ni yeye. Lakini isikose kuandikwa."

Mchana tulikula pamoja. Alikuwa na jiko la makaa nyuma ya ofisi, na alipika muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na ndengu kwenye sufuria iliyobonyea upande mmoja, akanipakulia sehemu kubwa akisema kijana anayefikiria sana hukonda. Kila mwisho wa mwezi alikwenda kwao na kurudi na kiondo kimejaa maparachichi ya Mbooni, magumu kama mawe, na akayapanga nyuma ya kompyuta. Aligundua mwenyewe kwamba pale pana joto na yanaiva kwa siku tatu badala ya sita. Nilimwambia hewa ya mashine itaziba. Alisogeza maparachichi mawili, akaacha manne. Alipokuwa anapiga chapa hadithi zake, alitumia vidole viwili, akitamka kila neno polepole kabla ya kuliandika, Kikamba kwanza, kisha Kiingereza chake cha ubaoni, safi, chenye nukta na mikato mahali pake. Aliiogopa ile mashine na kuiheshimu. Kila alipomaliza ukurasa aliuliza, "Imeshika?" nami nikamwambia imeshika. Nilikuwa namchukulia kama mama, nami nilikuwa na tabia ya vijana ya kutomsikiliza mtu ninayemchukulia kama mama.

Upande wangu nilikuwa na picha. Chama kilikuwa kimepewa skana na kamera, na mimi nilipiga kila kiondo picha juani, nikapeleka filamu kusafishwa Kitui mjini, nikaziskani picha zikiwa kubwa kiasi ambacho ungeweza kuhesabu nyuzi. Niliziona ni nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Niliandika ukurasa ambao kila mtu akiufungua, picha zote zingechukuliwa, zipunguzwe hapo hapo, zipangwe kwa vijiji, chini yake hadithi ya msusi. Hadi Agosti palikuwa na viondo kumi na kitu na ukurasa ulifunguka vizuri. Septemba tuliongeza. Mwanzoni mwa Oktoba mnunuzi mmoja wa ng'ambo, mtu aliyepatikana kupitia wamishonari, aliandika kwamba angetazama viondo vyote Jumatatu ya wiki iliyofuata na kuamua kama ataagiza. Nikapandisha picha zote zilizobaki, na Mwalimu akamaliza hadithi zake za mwisho, mia na ishirini kwa jumla. Jumanne asubuhi nilifungua ukurasa mbele ya Pasta na kukaribia kuita akina mama waje waone.

Haukufunguka. Kioo kilikuwa cheupe kitupu, na juu yake mstari mmoja wa Kiingereza: memori mliyoruhusiwa imekwisha.

Nieleze kidogo, kwa kuwa wakati ule hata mimi nilijieleza vibaya. Tovuti yetu haikuwa na kompyuta yake. Ilikaa Nairobi kwenye mashine moja na tovuti za watu wengine wengi, shule, makanisa, wauza maua, kama wapangaji wa ploti moja wanaotumia tangi moja la maji. Ili mpangaji mmoja asiwamalizie wenzake, mwenye ploti alimwekea kila mmoja kikomo cha memori, yaani kiasi cha nafasi ambayo mashine ingemwazima kwa kazi ya papo kwa hapo. Ukipita kikomo, kazi yako inakatwa katikati na unaachiwa ule mstari. Chuoni hatukufundishwa hivyo. Chuoni kila mtu alikuwa na mashine yake. Nilikaa mbele ya kioo Jumanne nzima nikibonyeza na kubonyeza tena, jasho linanitoka kwapani, na nyuma yangu Mwalimu Syombua akiuliza kila baada ya muda, "Haijafunguka?" Jibu langu la tatu lilikuwa la ukali, naye akaacha kuuliza.

Jumatano kamati ilikaa. Pasta Musau, mweka hazina Mama Kamene, na wasusi watatu, kwenye viti vilivyoletwa kutoka kanisani. Kwa mwaka ule watu walikuwa wameshajiandaa kuamini lolote kuhusu kompyuta. Redioni ilisemwa kwamba mwaka elfu mbili ukifika zote zitazima, na Mama Kamene alikuwa ameuliza mara mbili kama yetu imeshaanza. Pasta alikuwa mtu mpole, fundi seremala kabla ya wito wake, na aliitazama mashine kama anavyotazama ubao uliopasuka.

"Kyalo," alisema, "wewe ndio umesomea hii. Niambie kama mtu hajasoma. Ni nini imeijaza?"

Mwalimu Syombua alikuwa ameingia wakati huo huo na birika, ameshika vikombe sita kwa vidole vya mkono mmoja. Nilimwona. Nisiseme sikumwona. Nilichojua kwa hakika ni kwamba kuna kitu kimezidi, na kwamba wiki ile tuliongeza vitu viwili, picha zangu na hadithi zake. Cheti changu kilikuwa ukutani nyuma ya kichwa cha Pasta. Nilifungua mdomo na kusema, "Ni zile hadithi. Ni ndefu sana. Zimemaliza memori."

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa rahisi zaidi kama kuna mtu angepiga kelele. Mama Kamene alisema, "Si nilisema? Mambo ya mtu na bwana yake yanaandikwa ya nini?" Msusi mmoja akatazama chini. Pasta aliuliza kama zikitolewa itapona, nikasema ninafikiri hivyo. Mwalimu alimimina chai, akianza na Pasta kama desturi, akamaliza na mimi. Kisha akasema kwa Kikamba, kwa sauti aliyokuwa akiitumia nadhani kwa wazazi wa watoto wake wa shule, kwamba kama ni yeye aliyeharibu, basi zitolewe, na chama kisikose mnunuzi kwa sababu yake. Jioni, nikiwa nakusanya nyaya, niliwasikia Pasta na Mama Kamene nje ya dirisha. "Tumwambie apumzike kidogo," Pasta alisema. Mama Kamene akamjibu, "Apumzike kabisa, Pasta. Huyu mama ni mzuri, lakini hii si kazi ya umri wake." Pasta akasema sawa.

Alhamisi nilizifuta. Kwanza nilizinakili kwenye disketi moja, zote mia na ishirini, na zikaingia pale na nafasi ikabaki. Ningekuwa mtu anayefikiria, ningetambua pale pale. Disketi moja ile isingebeba hata picha tatu zangu. Lakini niliandika "Hadithi" kwenye lebo, nikaitia drooni, nikafuta zilizokuwa Nairobi, nikafungua ukurasa.

Memori mliyoruhusiwa imekwisha.

Ijumaa niliomba simu ya mwenye duka na kuwapigia wale waliotupangisha. Alipokea msichana aliyejitambulisha kwa jina la Wanjiru, anaongea haraka, nyuma yake kuna watu wanacheka. Nilikuwa nimesimama kati ya mifuko ya simiti na misumari, na mwenye duka alikuwa ameegemea kaunta akinisikiliza.

"Wewe ni wa ile ya viondo? Ngoja niangalie. Hiyo peji iko na picha ngapi?"

"Kama mia na ishirini."

"Na unazipunguza hapo hapo kwa mashine yetu, kila mtu akifungua?"

"Ndiyo."

"Basi ni hiyo. Picha ikiwa imefungwa ni kidogo, lakini ikifunguliwa ndio ipunguzwe inakuwa mara kumi. Na wewe unafungua ingine kabla hujafunga ya kwanza. Zipunguze huko kwenu, ulete zikiwa ndogo tayari. Na usionyeshe zote mara moja, gawa kwa peji."

"Hamwezi kutuongezea kikomo?"

"Siwezi ongezea nyinyi peke yenu. Kuna watu wengine humo ndani."

Nilimuuliza swali la mwisho nikiwa tayari najua jibu. "Na maandishi? Kuna hadithi mia na ishirini."

Alicheka, si kwa ubaya. "Maandishi haina uzito, ndugu yangu. Ungeweka Biblia nzima na usisikie."

Nilirudi ofisini na kufanya alivyosema. Ilichukua mchana mmoja. Nilipunguza picha moja moja kwenye mashine yetu, nikazigawa kumi kumi, na kabla ya saa kumi na moja ukurasa ulifunguka, mwepesi, kiondo baada ya kiondo. Niliufunga na kuufungua mara nyingi. Nilipaswa kwenda kwa Pasta wakati ule ule. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Nilijiambia kwamba nitamwambia baada ya Jumatatu, mnunuzi akishaona. Nilijiambia nitazirudisha hadithi polepole, mbili tatu kwa wiki, na hakuna atakayeuliza. Niliyapanga vizuri sana, na kila mpango ulikuwa na kitu kimoja ndani yake: mimi nisionekane.

Jumamosi asubuhi Mwalimu Syombua alikuja kurudisha ufunguo. Alikuwa amevaa koti la safari na mzigo wake uko mlangoni, godoro limekunjwa na kufungwa kamba ya mkonge. Aliniletea muthokoi uliobaki kwenye bakuli lenye kifuniko. Kompyuta ilikuwa imewashwa, na ule ukurasa ulikuwa pale kwenye kioo, viondo kumi vya kwanza, na chini ya kila kimoja kijiji na kipimo, basi. Alivaa miwani yake na kuinama.

"Imefunguka?"

"Imefunguka, Mwalimu."

Alitazama kitambo. Nafikiri alikuwa akitafuta majina. "Basi ilikuwa kweli ni mimi," akasema.

Nimewahi kupewa nafasi nyingi za kusema kweli maishani, lakini sijawahi kupewa nyingine iliyo wazi namna ile. Tulikuwa wawili tu. Hakuna ambaye angenilaumu isipokuwa yeye, na yeye asingenilaumu. Angefurahi, angekaa kwenye stuli, angeuliza zile hadithi zinarudi lini. Mlango ulikuwa wazi na barazani mama mmoja alikuwa akipasua mkonge. Nilisema, "Pole, Mwalimu." Akasema si kitu. Akasema nisisahau kurudisha bakuli kwa mwenye posho-mili, atamfikishia. Nikambebea godoro hadi kituoni, na hilo ndilo nililomfanyia.

Mnunuzi alitazama Jumatatu, na barua yake ilifika baada ya wiki tatu. Nilimchapishia Pasta, naye akaisoma mwenyewe akifuata kwa kidole. Mnunuzi alisifu picha. Aliagiza viondo vichache, vya kujaribu. Kisha aliuliza kama tuna habari zozote kuhusu wanawake wanaosuka, ni akina nani, wanaishije, kwa sababu wateja wake wangependa kujua na kwa sababu viondo vizuri amevipata pengine pia. Pasta aliinua macho.

"Kyalo, si kulikuwa na zile hadithi za Mwalimu?"

Droo ilikuwa usawa wa goti langu. Nilisema, "Zilifutika, Pasta."

Alitikisa kichwa taratibu, akaikunja barua. Tuliandika majibu mafupi, kwamba wasusi ni Wakristo na wakulima. Oda ya pili haikuja. Sisemi kwamba ingekuja. Kuna ukame, kuna madalali, kuna mambo mengi yanayoweza kuua chama kidogo, na chetu kilijikokota miaka miwili zaidi bila mimi. Ninachosema ni kwamba mtu aliuliza hawa ni akina nani, na jibu lilikuwa limeandikwa tayari, kwa nukta na mikato, nami niliketi juu yake. Desemba niliondoka kwenda Nairobi. Wanjiru alikuwa amenikumbuka kama yule kijana wa viondo aliyerekebisha kosa lake kwa siku moja, na waajiri wake walihitaji mtu. Nilijenga maisha yangu juu ya mchana ule. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupokea simu za watu walioshikwa na mstari ule ule, na kuwaambia kwa upole, kama nilivyoambiwa, watazame picha zao kwanza. Disketi nilikwenda nayo. Siku nilipopata ujasiri wa kuifungua, mashine ilikwaruza mara mbili na kusema haisomeki. Madaftari yalibaki ofisini, na ofisi ilipofungwa vitu vyake viligawanywa, na hakuna ninayemjua anayejua yalikokwenda. Yule mama wa Mutonguni alishafariki. Ninakumbuka hadithi yake moja ile, na nyingine tatu au nne vipande vipande, na hizo ndizo zilizobaki kati ya mia na ishirini.

Tulionana mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa nimepanda Kikima, mji wa soko wa kule kwao Mbooni, kwa shughuli za posa ya rafiki yangu, miaka kama saba baadaye, na nilikuwa nikinunua maji sokoni niliposikia, "Kyalo! Kyalo wa kompyuta!" Alikuwa ameketi kwenye gunia nyuma ya fungu la matunda, amepungua mwili, miwani ni nyingine lakini kamba ni ya namna ile ile. Aliinuka na kunishika mikono yote miwili. Aliuliza kazi, mke, watoto, akaniambia nimenenepa vizuri. Kisha uso wake ukabadilika na akanivuta pembeni ya njia, mbali kidogo na wauzaji wengine.

"Kuna kitu nilitaka kukuambia siku zote," alisema. "Unisamehe. Nilikuharibia kazi yako. Ulikuwa umeniambia ni ndefu, na mimi nikakataa kusikia."

Rafiki yangu alikuwa akinipigia honi. Ningeweza kumwambia asubiri. Nilimwambia Mwalimu Syombua, "Usijali, Mwalimu. Hiyo ilishapita." Akaniwekea maparachichi kwenye mfuko, akakataa malipo.

Haya yote niliyabeba Alhamisi iliyopita hadi kaburini na kuyarudisha. Baada ya mazishi watu walikaa makundi makundi wakila, na nilimtafuta Mutheu nyuma ya jiko la wapishi, palipokuwa na moshi. Ni mwanamke wa umri wangu, mwalimu kama mama yake. Aliniona nimesimama bila sahani, akaanza kunitafutia chakula, nikamwomba anisikilize kwanza. Nilimwambia. Nilimwambia kuhusu picha, na kikomo, na yule msichana wa simu, na droo. Nilijitahidi kutotumia maneno ya kazi yangu. Alisikiliza akiwa ameshika upawa, na mara moja tu alinikatiza, kumwambia mpishi aongeze maji.

"Kwa hivyo haikuwa yeye," alisema.

"Haikuwa yeye. Hata kidogo."

"Unajua hakutaka kushika kompyuta tena? Hata simu. Tulimnunulia, akaiweka kabatini. Alikuwa anasema, hizo vitu zinataka watu wadogo, mimi nitawaharibia. Ukitaka kuongea na yeye ilikuwa mpaka upigie jirani." Alitazama upawa. "Ulijua lini?"

"Wiki ile ile. Kabla hajaondoka Kabati."

Aliuweka upawa chini. Upande wa pili wa ua kwaya ilikuwa imeanza wimbo mwingine, na wazee walikuwa wakiita chai. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, hata nilikuwa nikilitaka.

"Na siku ile mlionana hapa Kikima," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mimi nilikuwa nimekuja nyumbani hiyo wikendi," Mutheu alisema. "Alifika akiwa na furaha, hata kikapu hakushusha. Aliniambia, Kyalo amenisamehe."